M ya Miguu Minne

Bahasha ya manispaa ilifika Jumatatu asubuhi, nene kama mkate, na Karani akaifungua kwenye meza ya kulia chakula kwa kisu cha siagi. Jina lake halisi watu wa mtaa walikwisha kulisahau. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani mahakamani miaka thelathini na mmoja, na mwezi aliostaafu, kabla hata hajapumzisha miguu, Jumuiya ya Wakazi ikamchagua kuwa katibu. "Mwandiko wake hauna ubishi," walisema.

Ndani ya bahasha mlikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa ombi la kubadili matumizi ya kiwanja, kutoka makazi kuwa karakana ya kuchomelea vyuma. La pili lilikuwa barua fupi kuhusu maktaba ya mtaa: manispaa inafikiria kupunguza siku zake za kufunguliwa kutoka sita hadi mbili kwa wiki, kwa kuwa watumiaji ni wachache. Jumuiya itoe maoni kwa yote mawili ndani ya siku kumi na nne.

Kiwanja chenyewe kilipakana na maktaba, ukuta kwa ukuta. Na mwombaji alikuwa mdogo wake Karani, tumbo moja, kitinda mimba wao.

Hilo halikumshtua. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa ameuimba wimbo huo mwaka mzima. Mwenye uwanja aliokodi kwa kazi zake alikuwa anautaka uwanja wake, na Cheche alikuwa na mafundi wawili wa kuwatafutia pa kusimama pamoja naye. Kiwanja kile alikinunua zamani, akajenga vyumba viwili vya nyuma, mbele pakabaki wazi. Kwa akili yake, mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe.

Karani aligeuza kurasa hadi kwenye fomu ya majirani. Manispaa ilitaka kila jirani aandike kwa mkono wake neno moja, "nimeridhia", kisha atie saini. Mistari mitano ilijazwa. Akavaa miwani ya kusomea, akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, wa pili. Alipofika wa tatu kidole kikasimama.

M ya neno lile ilikuwa na miguu minne.

Akatazama wa nne. Minne. Wa tano. Minne tena.

Chai ikapoa mezani. M ile aliijua kama anavyolijua kovu la goti lake. Mama yao alipokuwa akitoka alfajiri kwenda kufua nguo hospitalini, Karani, msichana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyebaki na kitinda mimba na ubao wa kuandikia. Mtoto wa miaka sita alikataa katakata kuandika m ya miguu mitatu. "Meza ina miguu minne," alisema. "Ya mitatu itaanguka." Alichapwa na walimu wawili kwa ajili ya m hiyo na hakuiacha.

Mistari mitatu hiyo ilikuwa ya fundi viatu wa kona, ya Bibi wa Ghorofani na ya mkutubi wa maktaba. Fundi viatu alikuwa amesafiri tangu mwezi uliopita. Bibi wa Ghorofani mikono ilimtetemeka kiasi kwamba hata pensheni yake aliipokea kwa dole gumba. Mkutubi alikuwepo, buheri wa afya, na kalamu zake tano mfukoni.

*

Jumanne akaenda uwanjani kwa Cheche. Alimkuta amepiga magoti mbele ya geti lililolala kifudifudi, barakoa ya chuma usoni, mwanga wa buluu ukipasuka mkononi mwake. Karani akageuza uso kama alivyofundishwa, akangoja. Mwanga ulipozimika Cheche akainua barakoa, akatabasamu. Mikono yake hadi viwikoni ilikuwa na madoa ya moto, madogo madogo, kama mtu aliyenyunyiziwa.

"Dada! Karibu. Usikalie hicho, kina moto. Kalia ndoo."

Karani akakalia ndoo. Alitoa fomu kwenye mkoba, akaikunjua juu ya magoti.

"Hii ni nini?"

Cheche hakuichukua. Aliitazama kwa mbali, halafu akatazama mafundi wake wawili waliokuwa wakipima nondo upande wa pili wa uwanja.

"Fomu ya majirani."

"Naiona. Nakuuliza mkono."

"Dada, fundi viatu hayupo. Ningemfuata wapi? Angekuwepo angekubali, tunakunywa naye chai kila siku."

"Na Bibi?"

"Bibi alinikubalia kwa mdomo. Alisema, 'Mwanangu, fanya kazi yako.' Nikamsaidia kuandika."

"Na mkutubi?"

Hapo Cheche akaanza kugongagonga kijiti cha kuchomelea kwenye ukingo wa geti.

"Yule wewe usimhesabu."

"Manispaa imemhesabu. Yupo hapa, mstari wa tano, ameridhia."

"Sasa, dada," alisema Cheche kwa sauti ya chini, "ukinyamaza, nani atajua? Mwenyekiti hata hasomi. Anapiga mhuri kama mtu anayeua nzi. Mimi siibi. Kiwanja ni changu."

"Kiwanja ni chako. Maneno ya watu si yako." Karani alikunja fomu. "Njia ya mwongo ni fupi, na yako wewe imeishia mezani kwangu. Nenda manispaa kesho ukaombe fomu nyingine. Sema hii ilikosewa. Jumamosi kikao kitaambiwa ombi limerudishwa kwa marekebisho, basi. Hakuna atakayeuliza."

"Na hiyo fomu nyingine itanichukua mwezi. Mwenye uwanja ananitaka nitoke mwezi ujao."

"Basi itakuchukua mwezi."

Cheche alishusha barakoa. Sauti yake ilitoka ndani ya chuma, nzito. "Wanasema damu nzito kuliko maji. Kumbe wino ni mzito kuliko vyote viwili."

Akawasha moto, na Karani akalazimika kugeuza uso.

*

Jumatano alikuja wifi yake, mkewe Cheche, mwanamke mnene wa vicheko ambaye siku hiyo hakuja na kicheko hata kimoja. Alikaa kwenye ukingo wa kochi na mkoba wake mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

"Wifi, sikuja kugombana," alisema.

"Najua."

"Ameniambia yote. Nimemwambia amekosea. Lakini wifi, tukikosa mahali, atafanyia wapi kazi? Ana umri wa miaka hamsini na moja. Nani atamwajiri? Wale vijana wa siku hizi wana mashine za kukatia zinazotumia kompyuta. Yeye ana macho na mikono tu, na macho yenyewe yanakwisha."

 Hakuna alichosikia Karani ambacho hakikuwa kweli.

"Kwa mkutubi alikwenda," wifi akaendelea. "Hilo hatakwambia. Alikwenda na fomu mkononi, akafungua mlango. Anasema ndani mlikuwa na watu kama ishirini, na hakusikia hata mtu akikohoa. Alisimama pale na mabuti yake, wakamtazama. Akafunga mlango polepole, akarudi nyumbani. Akakaa jikoni. Nilidhani anaumwa."

"Kwa nini hakuuliza tu?"

"Kwa sababu alijua jibu, wifi. Alilisikia mwenyewe."

Waliagana vizuri, kwa kushikana mikono miwili. Lakini wifi alipofika getini aligeuka. "Wewe ndiye uliyemlea," alisema. Karani hakujua kama ilikuwa lawama au ombi.

*

Alhamisi na Ijumaa Karani alikaa maktaba. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya ile barua ya pili, maana huwezi kutoa maoni kuhusu watumiaji usiowahesabu. Na ilikuwa kweli, ingawa si yote. Alichukua kiti karibu na mlango, akafungua daftari, akawa anapiga vistari.

Maktaba ile ilikuwa chumba kimoja kirefu na kingine kidogo, sakafu ya saruji, feni mbili, moja inazunguka na moja inatazama. Saa mbili asubuhi waliingia wazee wanne wa magazeti, ambao husomeana kwa macho: mmoja akimaliza ukurasa humsukumia mwenzake bila kusema. Akaja dereva wa lori aliyekuwa akisomea mtihani wa kubadilisha daraja la leseni, midomo ikimchezacheza. Akaja mama mwenye mtoto mgongoni kujaza fomu za uhamiaji, na mkutubi akamwonyesha pa kuandika na pa kuacha. Wakaja wanafunzi wa uuguzi kwa mkupuo. Mchana wakaja watu wawili waliokuja kulala tu. Karani akawahesabu pia, maana nao walikuwa wanatumia.

Mkutubi alikuwa mwanamke mrefu mkavu, asiyepaza sauti hata akipiga chafya. Karani alimwuliza manispaa wanapataje hesabu zao.

"Wanahesabu kadi zilizopigwa mhuri," alisema mkutubi. "Mtu akiazima kitabu cha kwenda nacho nyumbani, ni mtumiaji. Akisomea hapa kutwa nzima, hayupo."

"Hujawaambia?"

"Mara tatu, kwa barua. Nina nakala."

Karani akaandika. Alhamisi walikuwa watu arobaini na watatu, Ijumaa thelathini na wanane. Kadi zilizopigwa mhuri siku zote mbili: tisa.

Ijumaa saa tano hivi mtu alianza kugonga kitu upande wa pili wa ukuta, kwenye kiwanja cha Cheche. Pengine ni mpangaji wa vyumba vya nyuma akipigilia msumari. Mapigo sita tu. Lakini kila pigo liliingia chumbani kama limepigwa juu ya meza, na Karani akaona vichwa vikiinuka vyote kwa pamoja, dereva, wauguzi, wazee, kisha vikainama tena. Akaifikiria mashine ya Cheche ya kukatia chuma, ambayo ikilia mtu wa nyumba ya tatu hufunga dirisha.

Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya meza ya mkutubi.

"Lile ombi la jirani," alisema. "Uliulizwa?"

"Ombi gani?" akauliza mkutubi.

Karani akamweleza kwa ufupi na hakutaja saini. Mkutubi alisikiliza, akazipanga kalamu zake, akasema, "Sijaulizwa na mtu." 

Jioni hiyo Karani alimpigia Cheche simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akapokea wifi. "Yupo bafuni," alisema, na nyuma yake Karani akamsikia Cheche akikohoa sebuleni.

*

Kikao kilikuwa Jumamosi saa tisa, humohumo maktaba baada ya kufungwa, kwa kuwa ndipo palipokuwa na viti. Wajumbe saba walikuja, na wakazi wengine kumi na wawili. Mwenyekiti alikuwa mfamasia mstaafu aliyepewa jina la Tusonge, kwa sababu hakuna jambo alilowahi kulimaliza bila kusema "tusonge mbele", na mengine aliyasongesha kabla hayajaanza. Cheche alikaa nyuma, karibu na rafu ya ramani, shati limepigwa pasi. Alikuwa amekuja. Karani alipomwona moyo ulimpanda, akadhani atasimama aseme mwenyewe.

"Ajenda ya kwanza," alisema Tusonge. "Ombi la karakana. Majirani watano, wote wameridhia, saini zipo. Fundi wetu tunamjua, mageti yetu ni yake. Kuna swali? Hakuna. Tunapitisha, tuso..."

Karani aliinua kalamu.

"Mwenyekiti, kuna mambo mawili yaingie kwenye kumbukumbu. La kwanza, mwombaji ni mdogo wangu. Sitapiga kura."

"Karani, hilo nani asiyelijua?"

"Linajulikana, ila halijaandikwa." Aliandika. Kisha akainua kichwa, akamtazama Cheche. Cheche alikuwa akitazama migongo ya ramani. Karani alingoja, akahesabu kimoyomoyo hadi kumi, kama alivyokuwa akimngoja zamani akubali kosa lake la ubaoni. Hakusimama.

"La pili." Akaikunjua fomu. "Kati ya saini tano, tatu hazikuandikwa na wenyewe."

Viti vililia. Tusonge, kwa mara ya kwanza katika uongozi wake, hakusonga popote.

"Una uhakika?"

"Mwandiko huo niliufundisha mimi."

Watu wote waligeuka nyuma. Cheche alisimama. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa mtupu, kama wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Ni kweli," alisema. "Fundi viatu amesafiri. Bibi alikubali kwa mdomo, mkamwulize."

"Na mimi?" Ilikuwa sauti ya mkutubi, kutoka kwenye meza yake, ileile ya kila siku.

"Wewe sikukuuliza."

"Kwa nini?"

"Nilijua utakataa."

"Ulijuaje?" alisema mkutubi. "Mimi ningekuuliza unakata chuma saa ngapi. Tunafunga saa nane. Pengine tungeelewana, pengine tusingeelewana. Lakini ningekuuliza."

 Maneno yale yalimwumiza Cheche kuliko tusi, kila mtu aliona. Akachukua kofia yake, akapita katikati ya viti, akatoka.

Wajumbe walibishana nusu saa nzima. Mmoja, mwenye duka la rangi, alitaka manispaa iandikiwe kwamba ni kughushi na sheria ichukue mkondo wake. Mwingine akamwuliza geti lake alichomelewa na nani, na kama analipenda. Mwishowe waliamua ombi lirudishwe kwa mwombaji akakusanye ridhaa upya, bila kulipeleka mbele. Karani aliandika neno kwa neno, hadi la mwenye duka la rangi. Hakuacha kitu, wala hakuongeza.

Ajenda ya pili iliwachukua muda mfupi. Alisoma hesabu zake: arobaini na watatu, thelathini na wanane, kadi tisa. Alipofika kwa watu wawili waliokuja kulala, wakazi wakacheka, na kicheko kile kiliwafaa wote. Tusonge alisema manispaa wahesabu vichwa, wasihesabu kadi, na akapiga mhuri kwa nguvu.

*

Majibu ya manispaa yalikuja baada ya wiki saba. Maktaba ingefunguliwa siku nne. Waliomba sita wakapata nne, na mkutubi alisema nne si mbili, akabandika ratiba mpya mlangoni.

Kuhusu karakana, Cheche alirudia fomu kihalali. Bibi wa Ghorofani akatia dole gumba, fundi viatu akarudi safari akaandika mwenyewe, na mkutubi akaandika "nimeridhia" akiongeza: hakuna kukata chuma kabla ya saa nane siku za maktaba. Cheche alilitafakari sharti hilo siku tatu. Halafu akaona kuchomelea bila kukata asubuhi nzima ni sawa na kinyozi kufungua duka bila wembe, akaliacha ombi. Wakati huo mwenye uwanja alikuwa amekwisha kubadilisha kufuli. Akahamia kando ya maegesho ya malori, akachangia kibanda na fundi wa bodi za magari, mahali ambapo kelele hazimsumbui mtu kwa sababu hakuna anayesikia kitu. Kazi haikuwa mbaya, ila palikuwa mbali, na jua lilikuwa la kutosha.

Na hakusema na dada yake. Habari zilipita kwa wifi: mwambie dada mtoto amefaulu, mwambie mdogo wangu ile dawa ya macho imefika. Walikutana msibani mara moja, wakasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Karani alirudi nyumbani, akalia akiwa anachambua mboga, akamaliza kuchambua.

Mwezi wa tano tangu kikao, kile kichanja cha chuma kilichobeba tangi lake la maji kilikatika mguu. Tangi lilibaki limeegemea ukuta, limejaa. Karani alifikiria mafundi wote anaowajua. Kisha akapiga moyo konde, akampigia yeye. Safari hii simu haikuita mara mbili.

"Usilisogelee," alisema Cheche. "Fungua bomba liishe maji. Nakuja."

Alikuja na vifaa vyake kwenye mkokoteni wa pikipiki, akafanya kazi asubuhi nzima bila kuongea ila "shika hapa" na "ondoka hapo". Alipomaliza alikaa kwenye ngazi ya jikoni, na Karani akamletea chai, akaketi ngazi ya juu yake.

"Ulinipa siku nne," Cheche akasema, akiitazama chai.

"Nilikupa."

"Najua. Sina neno na kule kusema kwako. Ningekuwa wewe, sijui. Kilichoniuma ni kwamba baada ya kusema, ulikaa ukaandika. Nilikuwa dirishani nje, hukuniona. Niliona unaandika tu, kichwa chini, kama kesi ya mtu baki."

 Karani alitaka kumwambia kwamba hakuinua kichwa kwa sababu asingeona ukurasa kwa machozi. Kwamba miaka thelathini na mmoja ya mahakama haikumfunza kuandika habari za mtoto aliyembeba. Akasema kilichowezekana.

"Ningeinua kichwa ningeshindwa kumaliza. Na wangempa mwenye duka la rangi aandike."

Cheche akatafakari hilo. Polepole bega likaanza kumtikisika, na Karani akajua anacheka.

"Yule?" alisema. "Yule angeniandikia kifungo cha maisha."

Akanywa chai yake yote, akakusanya nyaya, akafunga mkokoteni. Alipokuwa anavaa kofia alisema wifi ametuma salamu, na kwamba Jumapili aje kwao wale pamoja, asilete kitu, aje mikono mitupu.

"Saa ngapi?" akauliza Karani.

"Ukiamka," alisema Cheche, na akawasha pikipiki.